Vijiti vya Bi Hansa

Rinkeby, Stockholm
Oktoba, 1976

Kwa Dada Mwanakombo,

Assalaam aleikum. Kabla ya lolote niambie goti lako linaendeleaje, na kama ile dawa ya kuchua niliyompa yule mwanafunzi wa Muheza imekufikia, au ameitumia mwenyewe njiani. Simtuhumu, nauliza tu. Mama macho yake vipi? Vuli imeanza kunyesha? Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, ila baridi imeshaingia na miti yote imegeuka manjano. Mwanangu Mwanaidi anakua. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, na nikimkasirikia anacheka.

Uliniuliza mbona siku hizi simtaji shemeji yako katika barua zangu. Una pua kali, dada. Nilikuwa nasubiri nijue la kuandika. Sasa nakueleza yote, ila usimsomee Mama mpaka umalize mwenyewe.

Juu yetu, katika jengo hili hili, anakaa Mhindi mmoja anaitwa Bi Hansa. Alikuja na wale waliofukuzwa Uganda; kwao ni Jinja. Anaishi na mama mkwe wake, kizee kimya kama ukuta. Mume anasemekana yuko Uingereza anatafuta kazi. Nasema anasemekana kwa sababu sijawahi kumwona, wala picha yake sijaiona.

Bi Hansa ni mchezaji na mwalimu wa ngoma za kwao. Jumamosi wasichana wa Kihindi hupanda ngazi na vifuko vyao vya kitambaa, na ndani ya vifuko mna njuga. Wakishazifunga miguuni, dari yangu inazungumza. Mguu unapigwa kwa kisigino, unapigwa kwa unyayo mzima, unapigwa kwa ncha, na Bi Hansa anawatamkia mapigo kwa mdomo, ta-ka-dhi-mi, ta-ka-dhi-mi, mpaka nami jikoni najikuta nakoroga uji kwa mwendo ule. Siku moja nilikutana naye ngazini amebeba maziwa. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyekundu kwa rangi, na hata kwenye chupa ya maziwa kila kidole kilikaa mahali pake kama kimepangwa. Akanisalimu, "Habari, mama?" Nikamjibu "Nzuri," nikapita.

Unajua kwa nini nilipita. Marehemu Baba alifagia duka na nyumba ya Mhindi pale Tanga mpaka akaota mvi, na mvi zake zote watoto wa Mhindi yule waliendelea kumwita boi. Mimi methali ya Baniani na kiatu chake nimekua nayo mdomoni.

Basi, joto lilipoanza kupungua, shemeji yako Salehe akaanza kuchelewa siku za Alhamisi. Ovataimu, alisema. Kiwanda chao kiko Sundbyberg, si mbali, na mwanzoni sikuwaza lolote. Lakini alikuwa anarudi ametota jasho, na jasho lile halikunuka mafuta ya mashine. Lilinuka ubani, tena si huu ubani wetu. Wiki iliyofuata nikafua shati lake, nikakuta doa jekundu kwenye pindo la mkono. Nikakumbuka vile vidole. Nilipomuuliza akasema ni rangi ya kiwandani, na akasema haraka mno.

Nina rafiki Mkenya, Wanjiru, ambaye mumewe anafanya kazi chumba kimoja na Salehe. Nikamwendea na kisingizio cha kuazima mashine ya kusagia nyama, nikamtupia neno kwamba hizi ovataimu zitatuulia waume.

"Ovataimu gani, Tatu?" akashangaa. "Wangu Alhamisi saa kumi na moja huwa tayari amelala kwa kochi. Hawajapewa ovataimu tangu majira ya joto. Wewe uliza mzee wako vizuri."

Sikumuuliza. Mwanamume ukimuuliza anakupa jibu, nami sikutaka jibu, nilitaka kuona. Nikawa nasikiliza hatua za ngazini. Nikawa nanusa koti. Nilikuwa nikimtazama akila, najiuliza huyu anayetafuna wali wangu ni yupi. Dada, wivu katika nchi ya ugenini ni mbaya kuliko wa nyumbani, kwa sababu hakuna shangazi wa kumkimbilia. Unabaki na dari tu.

Alhamisi moja jioni tulikuwa tunakula samaki na viazi, mimi na Mwanaidi. Huko juu hakukuwa na njuga siku hiyo. Kulisikika vijiti, ka, ka, kaka-ka, na miguu ya watu wawili. Mmoja mwepesi. Mwingine mzito, na mguu ule mzito niliujua. Mwanaidi akanyoosha uma wake juu, akasema bila wasiwasi wowote, "Pappa dansar."

"Nini?"

Akanirudilia kwa Kiswahili, polepole, kama anasema na kiziwi. "Baba anacheza. Juu."

Nilifunga kanga kiunoni, nikampeleka mtoto kwa jirani, nikapanda. Aliyenifungulia ni yule kizee. Viti vyote vilikuwa vimesukumwa ukutani, ubani unafuka kwenye rafu, kinasa sauti kinaimba Kigujarati. Na katikati ya chumba alikuwapo mume wangu, Salehe bin Omari, fundi wa mashine, yuko na soksi, suruali ameikunja, ameshika vijiti viwili vya rangi nyekundu iliyobanduka, ametazamana na Bi Hansa.

"Tatu," akasema.

"Ndiyo, mimi. Na wewe ni nani?"

Bi Hansa akazima kinasa sauti. "Ingia, mama. Chai iko."

"Sikuja kunywa chai," nikasema, nikageuka. Salehe akanifuata ameshika viatu mkononi.

Nyumbani alikaa kwenye ukingo wa kitanda na akaanza kunisimulia. Alisema Bi Hansa alimwomba amtengenezee kile kinasa sauti kilichoharibika. Kilipofufuka ukatoka wimbo, na mikono yake ikaanza kuupiga mezani yenyewe. Bi Hansa akamuuliza ameujulia wapi. Kumbe Salehe utotoni, zile siku tisa za sherehe ya Wahindi, alikuwa anapanda ukuta wa nyuma wa hekalu lao kule Tanga, analala kifudifudi juu ya ukuta, anatazama. Wanazunguka kwa safu mbili, moja huku, moja kule, unamgonga wa mbele yako vijiti, unasogea, unamkuta mwingine. Si kama kirumbizi, ngoma yetu ya fimbo ya kuviziana. Huku kila pigo ni salamu. Mlinzi alikuwa anawachapa kwa fimbo watoto waliopanda ukutani, na kesho yake Salehe anarudi. Alikuwa anavunja vijiti vya mpera anacheza peke yake uani.

"Nilitaka kuingia tu," akasema. "Mara moja, niwe ndani."

"Kwa nini ukanificha?"

"Ningekuambiaje wewe? Ukimsikia Mhindi tu unakunja uso."

Hilo lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli lilinikasirisha zaidi. Nikamuuliza habari ya dini, maana wale wana picha ya mungu wao wa kike na taa. Akasema wakati wa kuomba hutoka nje akasimama ngazini. Yeye ni wa vijiti tu, na sala zake hajaziacha. Nilimwamini nusu. Ile nusu nyingine nikaiweka akiba, na tangu siku hiyo kila Alhamisi nikapanda naye, nikakaa kitini na ufumaji wangu. Niliangalia macho ya Bi Hansa, yanatua wapi na yanakaa muda gani. Niliangalia anavyomrekebisha kiwiko. Nilitafuta kosa, dada, kwa nia safi kabisa ya kulipata.

Sherehe ikafika mwezi huu. Wahindi wa hapa si wengi, na wanaojua kucheza ni wachache zaidi. Bila Salehe safu hazilingani. Waliazima ukumbi wa wapangaji hapa jirani kwa jioni moja. Katikati wakaweka mtungi wenye matundu, ndani yake taa, mwanga unatoka kama nyota ukutani. Kwanza wasichana wa Jumamosi walicheza ile ngoma ya njuga, na Bi Hansa mwisho wao. Nitakuwa mwongo nisiposema. Alisimulia hadithi nzima bila kufungua mdomo. Mkono ukawa ua, ukawa nyoka, ukawa mama anayemfokea mwanawe aliyedokoa siagi, nami ambaye sijui neno la Kihindi nilimwelewa yule mama. Hata hivyo nilijiambia, mtu anayeweza kusema uongo kwa mikono vizuri hivi, kwa mdomo atashindwaje?

Walipomaliza maombi wakapanga safu za vijiti. Salehe akaingia kutoka nje, kanzu nyeupe, amenyoa. Hapo akasimama mzee mmoja wa mstari wa mbele, mwenye fimbo na koti la sufu. Hakusema Kigujarati. Alisema Kiswahili, ili sisi tusikie.

"Hansa, huyu boi anafanya nini humu?"

Nikamtazama Bi Hansa, kwani kazi yangu siku zote hizo ilikuwa kumtazama. Alinyamaza. Alinyamaza mpaka mume wangu akainama, akaviweka vijiti chini taratibu, akaanza kurudi mlangoni kwa mwendo ambao nimewahi kuuona kwa Baba.

Sijui nilisimama saa ngapi. "Shikamoo, mzee," nikamwambia. "Huyu si boi wa mtu. Ni mume wangu. Baba yangu mlimwita hivyo mpaka tukamzika. Huyu hamtamwita."

Mzee hakunijibu mimi. Akamwambia Bi Hansa, "Ama yeye, ama mimi."

Ndipo Bi Hansa akatembea, akaokota vile vijiti sakafuni, akampelekea Salehe mlangoni kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia mzee. "Mjomba, huyu ni mchezaji wangu. Mlango uko wazi."

Mzee akatoka, na watu wa nyumba yake wakamfuata, baadhi wakitazama nyuma. Safu zikabaki na mapengo. Nilidhani imekwisha. Lakini yule kizee mama mkwe, ambaye sikuwahi kumsikia akisema, alisukuma vijiti kwenye mapaja yangu. "Wewe ona Alhamisi zote," akasema. "Ingia sasa."

Nikaingia na viatu vyangu vya kazini. Nilikosea, nikageukia upande mbaya, msichana mmoja akanivuta kwa mkono. Nikamgonga huyu, nikasogea, nikamgonga Salehe, nikasogea, na mbele yangu akasimama Bi Hansa. Tukatazamana. Nilimgonga kwa nguvu kuliko ngoma ilivyotaka. Hakukwepa. Alinirudishia kwa nguvu ileile, kijiti changu nusura kinitoke.

Asubuhi alishuka na sahani ya vitamu. Sikumkaribisha kukaa. Nikamuuliza mlangoni palepale, "Mbona ulinyamaza vile jana?"

Hakujitetea. "Yule mjomba wa mume wangu. Nyumba ya juu, imeandikwa jina lake. Mimi nilikuwa nafikiri, kesho nitalala wapi na mama."

Nilipokea sahani. Mimi nilikuwa nimeutafsiri ule ukimya mpaka usingizi ukanipaa, na hilo halikunijia hata kidogo. Bado mzee hajasema kitu, wanasubiri. Basi neno likanitoka mdomoni bila kuniuliza: "Akikutoa, shuka ngazi. Wewe na mama. Chumba cha Mwanaidi kinatosha."

Alipokwisha kwenda, nikageuka nikamkuta Salehe jikoni amesikia yote, anatabasamu. Nikalitazama lile tabasamu kwa ile nusu yangu ya akiba, dada, kutoka upande huu na upande ule. Sijamaliza kulitazama.

Nisalimie Mama, umshikie miguu kwa ajili yangu. Nisalimie Kaka Hamisi fundi cherehani, na mkewe aliyejifungua. Nisalimie Bibi Mwanaharusi, mama mkwe wangu, lakini habari za hekalu na ukuta usimwambie. Mwache aendelee kuamini mwanawe alikuwa chuoni akisoma Kurani. Wote wanaoniulizia wape salamu, na wasioniulizia pia.

Mimi mdogo wako,
Tatu