Mkono wa Mama Umenyamaza

Shoga, huyu shemeji yangu leo nitamtoa roho!

Unaukumbuka ule mshipa wa ng'ombe mama aliowekewa mkononi mishipa yake ilipochoka, ule wanaochoma sindano za dayalisisi, wakimsafisha damu? Ule unaovuma kama nyuki damu ikipita, ukiweka sikio?

Basi mume wa dada kaja na mashine yake mpya ya kupima presha. Kawapima wote sebuleni, kifua mbele utadhani daktari bingwa. Mimi niko jikoni, sina habari.

Kamfunga mama mkono ULEULE. Kaubana. Mashine ikagoma, akarudia. AKARUDIA!

Namuuliza mama, si uliambiwa mkono huo usibanwe hata na bangili? Ananijibu kwa upole, "Mkwe wangu alikuwa na furaha, mwanangu. Ningemkataliaje?"

Ningemkataliaje!!! Shoga, nilitaka kulia.

Nimeweka sikio mkononi. Hakuna nyuki. Nimehamisha sikio, nimerudisha. Hakuna kitu.

Sasa tuko kwenye teksi, mbio hospitali. Na unajua mama ananisihi nini njia nzima?

Nisimwambie shemeji. Eti atajisikia vibaya.