Jina ya Leonardi mu Kaye

Élisabethville, mu kamp ya batumishi, siku ya mungu, kisha misa

Kwa Yaya Monika, dada yangu mukubwa,

Ninakulamusha, Yaya. Barua hii ikukute na nguvu, na magoti ya Mama isimuume sana mu baridi hii. Mihogo ilitoka muzuri? Ile nyumba ya kupikia yenye upepo ilibomoa, mulisha kuijenga? Bwana yako anakohoa tena? Miye niko. Ninakula, ninaenda ku kazi, ninarudi. Bibi yangu Adela iko muzuri, anakulamusha.

Ninakuandikia weye, hapana Mama, kwa sababu barua ya Mama inasomwa na katekista, na bantu bote banakaa kusikiliza. Weye ulijifunza kusoma kwa bamasere, bale masista ba mission. Usome peke yako kwanza.

Mudogo wetu Leonardi hayuko tena hapa. Basoda ba Bulamatari, serikali ya bazungu, balimukamata asubui moja wakati alikuwa anavaa viatu vya kazi. Balimupandisha mu gari ya moshi na bantu bengine ba dini yake. Bibi yake Serafina alibaki na mutoto. Namna gani ilifika, njo nataka kukuambia.

Kutoka mwaka jana Leonardi aliingia mu dini ya bale banaitwa Bantu ba Siku. Banasema siku ya mwisho iko karibu sana, na siku ile Mungu atamaliza bakubwa bote, mupadri na Bulamatari pamoja. Hakuna kupanda mahindi mingi, kwani nani atavuna. Hakuna kuvaa medayi ya Maria shingoni. Hakuna kuombea bafu, bale balisha kufa. Yaya, nilimukumbusha misa tunalipia kwa ajili ya Tata yetu marehemu. Alinijibu, "Tata analala. Analala tu. Weye unalipia muntu mwenye kulala?" Bibi yake hakumufuata. Serafina alikuwa anaenda misa na rozari yake, na yeye alikuwa anaenda kusali ku pori, ngambo ya Karavia, kule basoda habafike.

Hatukukosana kwa kelele. Jumapili kisha chakula alikuwa anakuya kukaa pa mulango yangu sawa zamani, na kunichokoza juu ya kazi yangu ya kuhesabu bakristu kwa mompere, mupadri wetu.

"Yaya Filipe, ulisha kuhesabu mbuzi za mompere? Haikosi hata moja?"

"Moja inakosa," nilisema. "Iko inakula ugali yangu."

Alicheka sana. Na miye nilicheka. Lakini nyuma nilimwambia, "Leonardi, ubatize mutoto. Kwa ile tu, nakuomba."

"Hapana, Yaya. Maji ya mutoto ni maji ya kunawisha. Atajichagulia yeye mwenyewe akiwa mukubwa."

"Na akikufa mbele?"

"Siku itafika mbele."

Unajua vile batoto banakufa hapa na homa. Mutoto ya jirani alikufa mu siku mbili. Adela na miye, unajua, tulizika babili. Lakini bale balibatizwa, na kwa ile tulilala. Huyu ya Leonardi alikuwa na miezi saba, anakohoa, na hakuna hata tone ya maji juu ya kichwa yake. Ile njo ilinikula.

Sasa usikie juu ya kaye. Mu kamp kila mulongo ya nyumba iko na mukristu mumoja mukubwa, na ku mulongo yetu ni miye. Mompere alinipa kaye, daftari ya majina ya bantu. Kila jumapili ninapita ku milango, ninaandika: aliyekuya misa, musalaba, aliyekosa, kiviringo. Mwisho ya mwezi ninamupelekea, na yeye anajua nyumba gani iende kutembelewa, nani mugonjwa, nani alirudilia pombe. Ni kazi ya roho. Kwa miaka yote niliifanya na furaha, nisikufiche. Nilijisikia muntu.

Kwa Leonardi nilikuwa naandika kiviringo, mwezi na mwezi, na mompere hakukuya. Kamp ni kubwa, viviringo ni mingi. Njo nilifikiri: nitaongeza maneno, aone kama jambo hii iko na haraka. Nikaandika pembeni ya jina yake, kwa mukono yangu muzuri ile ya masomo: "Anafundisha bantu ku kazi kama siku inakaribia na bazungu batakwisha. Mutoto hayabatizwa."

Nilingojea mompere akuye na stola na maji. Nilimwambia Adela afagie mbele ya nyumba.

Kisha juma moja balikuya basoda batatu.

Nilienda ku mission nguo ya kazi mwilini, na vumbi ya shaba. Nilisema, "Mompere, nilikuandikia weye."

Alikuwa anapanga vitabu. Alisema, "Filipe, kaye inasomwa pia na bwana wa kamp, ule muzungu mukubwa. Haukujua? Tunasaidiana. Ile maneno juu ya bazungu, hawezi kuiacha."

"Na mutoto?"

"Mutoto gani?"

Hakuwa na hasira, Yaya. Alikuwa muntu mwenye kazi mingi. Alisema Leonardi akitubu atarudi, na miye niendelee na kaye, kwani miye ni muntu wa kweli. Nilipiga goti, akanibariki, nikarudi ku kazi. Kapita, musimamizi wa kazi, hakunikata mushahara ya siku ile.

Nilienda pia ku bureau ya administrateur, muzungu wa Bulamatari. Karani alisema mahali kule balibapeleka haisemwe. Niliuliza, na bibi zao? "Tunapeleka tu bale beko mu liste ya dini ile. Bengine barudi kwao." Ni vile tu.

Kutoka pale, Yaya, sijui namna ya kukueleza. Sikulia. Bantu ba mulongo banafunga mulango wakati ninapita, na hainiume. Ninasali rozari yote na mwishoni sijui kama nilianza. Ku confesse, wakati ya kutubu, ninasema zambi zingine, za mudomo na za hasira, kwani mwenye kusikiliza ku ile dirisha ni mompere yule yule tu.

Juma hii Serafina alikuya na mutoto mugongoni. Nilifikiri anakuya kunitukana. Alikaa chini, akamufungua, akamuweka juu ya magoti yangu.

"Shemeki, umupeleke abatizwe. Si ile ulitaka?"

Nilimushika mutoto. Nilisema aksanti.

"Usiniambie aksanti. Miye nitakupa mutoto kwa maji, na weye utanipa mustari mumoja mu kaye yako. Andika jina yangu."

"Serafina, weye hauko mu dini ile. Haukukosa misa hata moja."

"Bulamatari atajua namna gani? Anajua tu kile weye unaandika."

"Hawatakurudisha hapa tena."

"Nani anataka kurudi hapa? Bwana yangu iko kule. Andika sawa vile ulimuandika yeye, na maneno ya pembeni, usinipatie kiviringo kitupu." Alinitazama na akatoa mucheko kidogo. "Weye uko na mukono muzuri, shemeki. Inafanya kazi mbio."

Mutoto alibatizwa jana. Iko Yosefu. Maji ilipita juu ya kichwa yake, alilia, mompere alitabasamu, na miye nilisimama pale na mushumaa. Kintu nilitafuta miezi yote ile nilikipata, na mu roho yangu haikugonga kitu. Adela aliniuliza kama niko mugonjwa.

Leo kisha misa nilimupelekea mompere kaye. Serafina iko ndani, na maneno pembeni. Ni bongo, uongo mutupu, na niliiandika pole pole, herufi moja moja. Serafina alifunga bintu byake mu kitambaa, anangojea basoda pa mulango sawa muntu anangojea motokari.

Ulamushe Mama. Ulamushe bwana yako, na mujomba Kasongo mwenye alinipeleka ku masomo, na shangazi wa ngambo ya muto, na katekista, hata yeye. Usiache Mama afikiri kama Leonardi iko safari ya kazi, ile njo balisema bengine. Umwambie balimufunga mbali, na bibi yake na Yosefu banamufuata. Na akiuliza nani alimuandika, usimwambie hatujui. Umwambie ni Filipe.

Ni miye mudogo wako,
Filipe