Ufunguo wa Stoo ya Vinywaji

Muscat

Mume wangu, Baba Nova,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na inakukuta asubuhi, kabla hujaonja kitu, maana nataka uisome yote. Mguu wako unaendeleaje? Na Kemi, kikohozi kimeisha? Mimi mwili haujambo. Bibi ninayemtunza bado anaita majina ya watoto wake usiku kucha, nami ndiye ninayeitika. Joto limepungua kidogo. Basi, ya afya ni hayo.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu imetushinda. Kila nikitaja sherehe ya kipaimara cha Kemi, unasema mtandao unasumbua. Haya, karatasi haina mtandao. Mama Jeni wa Nansio anarudi kwao kwa likizo, nimemwomba akukabidhi mkononi hapo Mwanza kabla hajapanda meli.

Uliniambia Nova alilazwa kwa malaria. Malaria! Nikafunga kula siku nzima nikimwombea mwanangu apone malaria. Kumbe jirani yetu Mama Kulwa alidhani najua. Alinipigia kunisalimia tu, akauliza, "Nova naye, ile pombe imemtoka vizuri?" Nilikaa chini kwenye sakafu ya jiko la watu. Baadaye nikampigia Nova mwenyewe, nikamwambia nieleze yote, sitakugombeza. Akanieleza huku analia.

Ukoo wenu naujua, Baba Nova. Tangu ule ubatizo ambapo bia ziliisha kabla chakula hakijabarikiwa, na makreti yakakutwa chini ya kitanda cha mjomba wenu, mliamua stoo ya vinywaji isishikwe tena na mtu mzima. Ufunguo apewe mtoto, kwa kuwa mtoto hanywi. Na mkajisifu kwa hekima hiyo! Safari hii, kwenye kipaimara cha Kemi, mkamtazama Nova, miaka kumi na mitano, mpole, anatumikia altareni, mkasema huyu ndiye. Dada yako Odilia akamvika ufunguo shingoni kwa utepe, watu wakapiga vigelegele.

Halafu likaja la kuonja. Rubisi yenu ya ndizi ilitoka Bukoba kwa madumu, na kwenu anayemimina lazima aonje kwanza, mgeni aone haina kitu kibaya. Desturi hiyo siitukani. Baba yako ndiye aliyenifundisha maana yake nilipoolewa, nikaipenda. Lakini ni ya mtu mzima kwa mtu mzima mwenzake! Nova anasema kwenye meza ya kwanza alimimina tu, mzee mmoja akamrudishia kikombe. "Mbona hujaonja? Unataka kuniua?" Meza nzima ikacheka. Akaonja. Meza ya pili, onja. Ya tatu, onja, tena piga funda la kiume. Alipofika kwako akakuangalia, akitegemea utamwokoa. Ukamwambia, "Onja, usiniaibishe."

Meza zilikuwa ngapi, Baba Nova? Si wewe uliyezipanga?

Wakati wa kutoa zawadi mtoto alikuwa hawezi hata kusimama. Binamu zake wakamvua ufunguo shingoni, wakachukua vile vichupa vya pombe kali, wakachanganya ndani ya chupa za soda, naye wakampa. Ninyi mnapita, mnaona watoto wameshika soda, mnasema kweli tumelea. Mama Kulwa ndiye aliyemkuta nyuma ya tangi la maji, amelala chali, matapishi yamejaa mdomoni. Huyo Mama Kulwa mliyemweka meza ya mwisho kwa sababu hanywi! Alimlaza kwa ubavu, akamsafisha mdomo kwa kanga yake, akaita bajaji. Akaja kukutafuta umbebe mwanao. Akakukuta kwenye kiti, na tai yako shingoni, unakoroma.

Nesi alimwambia kwamba mtoto angeachwa vile chali kidogo tu, angezibwa na matapishi yake akafa. Angekufa nyuma ya tangi, Baba Nova, na ninyi mnacheza muziki. Nami ningeambiwa malaria.

Na alipotoka hospitali ukamchapa kwa mkanda. Eti amekudhalilisha mbele ya ukoo. Mungu wangu! Ulimwambia aonje ili asikuaibishe, akaonja, ukampiga kwa kukuaibisha. Hebu niambie huyo mtoto alitakiwa afanye nini.

Huku kazi yangu mojawapo ni kushika ufunguo wa kabati la dawa za bibi. Siku naanza, binti yake aliniambia nisimpe mjukuu yeyote ufunguo huu, hata awe na akili namna gani. Moyoni nilicheka, nikasema watu hawa hawaaminiani. Sasa sicheki. Natembea nao kiunoni, na kila ukigonga namwona Nova na utepe wake shingoni.

Nisingekuchosha na haya kama yangekuwa yamepita. Lakini harusi ya mdogo wako Respicius ni baada ya Krismasi, huko Magu kwa wakwe zake, na nasikia kwenye kikao mmepitisha stoo ashike Nova tena. Eti sasa amejifunza. Aliyetakiwa kujifunza ni nani? Mtoto alinipigia ananong'ona: "Mama, ule ufunguo siutaki, ila nikikataa baba atasema nina kiburi." Basi nakataa kwa niaba yake, mimi mama yake. Kiburi kiwe changu.

Sikiliza, na umsomee Odilia kwa sauti. Nova hashiki stoo. Yeye, Kemi na wenzao wote hawamimini, hawaonji, hawatumwi kufungua hata chupa moja. Watakaa na Mama Kulwa, nimeshaongea naye, amekubali kwenda Magu. Soda zao zifunguliwe mbele ya macho yake, na giza likiingia ataondoka nao kwenda kulala. Mzee akidai kuonjewa, muonjee wewe. Hapana, nimekosea: wewe siku hiyo hunywi, kwa sababu ufunguo utaushika wewe. Wakisema mkeo anakutawala kutoka ng'ambo, waambie ndiyo, tena hajaanza. Na kama ukoo mzima hauna mtu mzima mmoja wa kuaminiwa na bia, nunueni soda, mle wali, mrudi nyumbani.

Nisalimie baba mkwe, mwambie shikamoo yangu iko palepale na desturi yake naiheshimu, ndiyo maana inaniuma. Msalimie bwana harusi, namtakia ndoa njema. Kemi mwambie gauni lake la kipaimara nimeliona kwenye picha, amependeza. Mama Kulwa mpelekee kanga nilizompa Mama Jeni, na uende mwenyewe, usitume mtoto.

Nova aliniuliza kabla hajakata simu, "Mama, baba ameshanisamehe?" Nilimjibu nitakuuliza. Lakini nimekaa na kalamu hii tangu asubuhi, na swali ninaloona nikuulize ni jingine. Wewe umeshamwomba msamaha?

Ni mimi mkeo,
Mama Nova