Baridi Mbili za Ciccio

Barabara ya Kumi na Moja,
Mildura, Australia.
Jumanne, 9 Februari 1999.
Saa kumi na mbili asubuhi: nyuzi ishirini na tisa, upepo wa kaskazini, vumbi.

Mpendwa mwanangu Domenic,

Kabla ya lolote, kifua chako kikoje? Mkeo Sabina aliniambia kwenye simu kwamba ulikohoa Krismasi nzima. Vaa ile fulana ya sufu, hata kama wenzako wa huko Edmonton, Kanada, wanatembea kifua wazi. Sabina naye mimba inaendaje? Sisi huku tu wazima, tukihesabu uzima kwa namna ya umri wetu.

Mume wangu Saverio, baada ya kile kiharusi, anaweza sasa kushika kijiko kwa mkono wa kushoto. Kumwinua kitandani bado ni kazi yangu, na kumwogesha, na vidonge vya saa kumi na mbili, saa sita na saa mbili. Sikulalamikii. Nakueleza ili uelewe yanayofuata. Kwenye simu siwezi, kwa sababu yeye hukaa kando akisikiliza, nami huishia kusema kila kitu ni kizuri.

Ni habari za Ciccio, mjusi wa marehemu baba yako. Yu hai, lakini nusura nimuue.

Unakumbuka ile orodha uliyonitumia mwaka jana, uliyoinakili kutoka kwenye kitabu ulichonunua huko? Niliibandika kwenye friji nikaifuata tarehe kwa tarehe, kama ninavyofanya kila kitu. Iliandikwa: kuanzia tarehe mosi Novemba apelekwe mahali pa baridi na giza, asilishwe hadi mwisho wa Februari, huo ndio usingizi wake wa mwaka. Basi nikalishusha tangi la kioo kwenye chumba cha chini, kando ya soseji kavu za salami na chupa za nyanya.

Nimeifungua shajara yangu ya siku hiyo. Nimeandika: nje nyuzi thelathini na tisa. Mstari wa chini yake: leo Ciccio ameanza majira ya baridi. Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, wino uleule, na sikuona kitu.

Na Ciccio alikwisha kulala baridi yake. Kuanzia Mei hadi Agosti alikataa mende na nyenje, nikadhani ananuna kwa kumkosa baba yako. Mwili wake ulikuwa unajua mwezi, mimi sikujua. Gramu ishirini na nne mwezi wa Mei, kumi na tisa mwisho wa Agosti. Septemba na Oktoba akala vizuri, akafika ishirini na moja. Kisha nikampeleka kwenye baridi ya pili.

Aliyegundua ni Merv Tuohy, jirani, yule aliyekuwa akishindana na baba yako nani ana mijusi wanono zaidi. Tarehe 30 Januari alishuka kuniletea juu chupa za nyanya. Akakaa huko muda mrefu, kisha akaniita.

“Imma, mama we, huyu umemfanya nini? Siku hizi Wakatoliki mnaanza Kwaresima Krismasi?”

“Amelala. Nafuata orodha.”

“Orodha ya nani?”

“Ya Domenic.”

Akapanda kuisoma kwenye friji, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. “Huyu kijana wenu anatuandikia theluji yake ya Kanada,” akasema. “Na wewe mwenye shajara ya miaka arobaini, mke wa mkulima wa zabibu, hujui kwetu Januari ni kiangazi?”

Nilimweka Ciccio kwenye mizani. Ule mkia wake mnene, aliokuwa akiwekea mafuta yake, ulikuwa mwembamba kama penseli. Gramu kumi na tatu.

Usijilaumu, mwanangu. Ulinakili kilichoandikwa. Ningekuwa napata usingizi ningeona.

Tangu siku hiyo nampondea mende kwa kijiko na kumpaka ule ute mdomoni, apate kuulamba. Jumamosi alimkamata mmoja mwenyewe. Jana nilipofungua tangi alisimama kwa miguu yote minne akanibwekea, kile kibweko chake kama mtoto wa mbwa anayekohoa. Nilikaa sakafuni. Gramu kumi na tano.

Sasa ninaloomba. Hospitalini baba yako aliniambia, “Nitunzie Ciccio mpaka Domenic arudi,” nikamwambia ndiyo. Ulipoondoka ulisema miaka miwili. Barua yako ya Krismasi inasema mitano zaidi. Siwezi, Domenic. Mijusi hawa huishi miaka mingi, nami nina mgonjwa mmoja tayari. Merv yuko tayari kumchukua, ana matangi, ana leseni ya kufuga mijusi. Fomu ya kumhamishia nimeijaza yote isipokuwa sahihi yangu. Ahadi niliyompa baba yako imefungwa na kurudi kwako, wewe ndiye wa kunifungulia. Niandikie ndiyo au hapana. Ikiwa hapana, nitaendelea naye, wala sitakurudia kwa neno hili.

Msalimie Sabina na mama yake. Huku Saverio anakusalimu, na Merv anasema ununue kalenda. Mungu akulinde wewe na huyo mtoto ajaye, na barabara zenu zenye barafu ziwe salama kwenu.

Shangazi yako, anayekupenda hata akiwa amechoka,
Immacolata.

Jumatano asubuhi, mawingu, nyuzi ishirini na mbili. Bahasha sikuifunga. Jana saa mbili usiku nilimpa Saverio vidonge, nikamlisha Ciccio, nikaweka jina langu kwenye barua hapo juu. Nikajinyoosha kochini ili niondoe uchovu wa mgongo kidogo tu, nikiwa na aproni yangu. Nililala saa tatu kasoro dakika kumi usiku, nikaamka kumekucha.