Siku Tuliyohesabiwa Mara Mbili

4 Machi

Kwa Baba mpendwa,

Leo nimetimiza mwaka mmoja na miezi mitano tangu niondoke nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na dada na watoto wake, na kwamba goti lako limetulia. Mimi ni mzima, ila mgongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba nimekuja huku kubeba mizigo.

Naandika kwa sababu simu huisikii. Dada ananiambia ukipewa simu unapiga kelele mpaka majirani wanazijua habari zangu kabla yako.

Baba, Kampuni imeniajiri. Sisimami tena getini alfajiri kungoja kuchaguliwa. Nimekuwa mtu wa kudumu. Wamenipa ovaroli ya buluu na helmeti, na mpiga picha wao akanipiga picha nimeshika makaratasi, nacheka. Ghala lenyewe ni kubwa kiasi kwamba ukisimama mlango huu humtambui mtu aliye mlango ule. Watu mia nane wanafanya kazi humu. Wakubwa wa mji huu wameisamehe Kampuni kodi miaka kumi ili isiende kwingine, nayo imewapa watu kazi.

Uliniuliza mara ya mwisho kama nitakuwa kibarua mpaka nizeeke. Basi jibu ndilo hilo. Nisalimie watu wa soko.

Mwanao


25 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa dada yako. Sisi wazima. Goti lipo palepale, halijaenda mbali, nami pia siendi mbali.

Barua yako niliisoma mezani pangu, katikati ya viatu vya watu, nikairudia mara tatu. Kwa furaha nikamshonea kinyozi kiatu chake bure, halafu nikajuta, maana sasa anasema kila barua yako ikija ataleta kiatu kingine.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Hiyo Kampuni yako inakuja huku. Wiki mbili zilizopita karani wa halmashauri alikuja sokoni na watu wawili wenye kamba ya kupimia. Wakapima kutoka meza yangu mpaka kwa wauza ndizi. Tulipouliza, akasema Kampuni inatafuta mahali pa kujenga ghala, na inatutazama sisi na mji wa jirani. Mji wa jirani umeahidi kuisamehe kodi miaka minane. Wetu umeahidi kumi, na kiwanja cha soko juu yake. Tunagombana kama wachumba wawili waliompenda binti mmoja, na binti mwenyewe amekaa ndani anakunywa chai.

Soko litahamishiwa nyuma ya machinjio. Lakini halmashauri haiwezi kutuhamisha bila chama cha wafanyabiashara kukubali, na mwenyekiti wa chama unamjua ni nani.

Mama Mkaa ameshaanza. Alisimama mbele ya watu akaniuliza, "Mwenyekiti, mimi kwa gunia langu moja nalipa ushuru kila siku ya Mungu. Huyu wa ghala asilipe kitu miaka kumi, yeye ni mgonjwa?" Watu wakacheka, hata mimi. Lakini nikamwambia mwanangu yuko ndani ya hiyo Kampuni, ameajiriwa, na kabla yake alikuwa anasimama getini. Akarudi kwenye gunia lake.

Niandikie. Wewe unawaona kwa macho. Niambie ni watu wa namna gani.

Baba yako


12 Mei

Mwanangu,

Habari za siku nyingi. Hapa hatujambo. Sijapata jibu lako, nikadhani labda kazi ya kudumu haina nafasi ya kuandika kama ile ya kibarua.

Picha yako imefika kabla ya barua yako. Halmashauri imegawa vijitabu vya Kampuni, vyenye karatasi ya kung'aa, na ukurasa wa nne ni wewe. Umevaa helmeti unacheka, na chini wameandika "Msimamizi wa zamu". Hukuniambia hata cheo. Dada yako alilia. Mimi nilijikaza, ila nilikuwa nimeshika sindano na nikajichoma kidole. Kinyozi amekibandika kijitabu kwenye kioo chake, kwa hiyo kila anayenyolewa anakutazama wewe.

Chama kitakutana Jumamosi tarehe 14 Juni. Watapiga kura kwa mikono. Wengi wananiambia wazi kwamba mimi nikiinua, wao watainua. Mama Mkaa bado anasema hakuna ghala duniani lenye watu mia nane, na kwamba siku hizi maboksi yanabebwa na mashine.

Nijibu swali hilo tu, kwa ndiyo au siyo. Watu mia nane wapo? Na wameajiriwa kama wewe? Ukinyamaza nitajua ni ndiyo, kwa sababu hujawahi kunificha kitu.

Baba yako


2 Juni

Kwa Baba,

Natumaini hujambo. Mimi mwili hauna ugonjwa.

Jibu ni siyo.

Sijaajiriwa. Sijawahi kuajiriwa hata siku moja. Kila asubuhi nasimama getini kama nilivyosimama siku ya kwanza, na nyapara wetu, tunayemwita Kipenga kwa sababu huwa hasemi, anapuliza tu, anatoka na kunyoosha kidole. Wewe, wewe, na wewe. Akikuruka, unarudi chumbani kulala ili njaa isikuone. Wiki nyingine ananichagua siku nne, wiki nyingine moja.

Nitakueleza ile picha. Kampuni iliahidi wakubwa wa mji huu watu mia nane, na msamaha wa kodi unakaa juu ya ahadi hiyo. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka wanakuja wakaguzi kuhesabu. Waajiriwa wa kweli sidhani kama wanafika mia mbili. Siku ya kuhesabiwa ndiyo siku pekee ambayo Kipenga hamruki mtu. Anachukua hata wazee, hata wapita njia. Tulipewa ovaroli za buluu, tukaambiwa tusimame kwenye ghala la kwanza tushike kitu chochote. Mimi nilipewa makaratasi ambayo hayakuwa na maandishi. Wakaguzi wakapita wakatuhesabu. Mchana, wakaguzi walipokuwa wanakula na meneja, tukapakiwa kwenye lori tukapelekwa ghala la pili, upande wa nyuma. Huko tukapewa ovaroli za kijani na beji nyingine. Asubuhi nilikuwa na jina langu. Mchana nilikuwa na jina la mtu nisiyemjua. Wakatuhesabu tena.

Tulicheka, Baba. Sitaki kukudanganya juu ya hilo pia. Ndani ya lori tulicheka mpaka tukashikana. Mmoja wetu alisema kwa mwendo huu jioni atahesabiwa kama mke wa meneja.

Ovaroli zilibadilika lakini viatu havikubadilika. Nilivaa vile ulivyonishonea mwenyewe, vyenye uzi mwekundu. Mkaguzi mmoja, mtu mzima wa umri wako, aliviona asubuhi na akaviona mchana. Alivitazama, akanitazama usoni, nami nikatazama pembeni. Kisha akaweka alama kwenye karatasi yake akapita.

Mpiga picha alinichagua kwa sababu ya meno. Alisema nicheke. Cheo sikukijua mpaka uliponiandikia. Lakini barua ya kwanza niliiandika jioni ya siku ileile, ovaroli nimeshairudisha, lakini akilini mwangu bado nimeivaa. Nilijiona kama ni kweli, nikakuandikia kama ni kweli.

Umeniuliza ni watu wa namna gani. Kuna lami nzuri kutoka barabara kuu mpaka getini kwa Kampuni, mji ndio ulioijenga. Baada ya geti ni tope mpaka chumbani kwangu. Zahanati ya mtaa wetu inafungwa saa sita mchana kwa sababu haina watu wa kuilipa mishahara. Hayo ndiyo ninayoyaona kwa macho.

Usiinue mkono, Baba.

Mwanao


22 Juni

Mwanangu,

Hatujambo. Dada yako anakusalimu, hajui ninachoandika.

Barua yako ilifika Jumanne tarehe 17. Mkutano ulikuwa Jumamosi.

Nilisimama wa kwanza. Sikuandaa maneno, nilishika kile kijitabu tu. Nikawaambia mimi siijui Kampuni na siwajui wenye Kampuni, ninamjua mtu mmoja aliye ndani, na huyo nilimlea mwenyewe. Nikasema, "Huyu mtoto hasemi uongo. Angekuwa mwongo, mngekuwa mmeshamshika, maana amekulia chini ya meza zenu." Watu wakapiga makofi. Nikainua mkono, nao wakainua.

Mama Mkaa alikuwa wa mwisho. Alikaa na mikono mapajani muda mrefu. Halafu akasema, taratibu tu, bila ule ushari wake, "Mimi siiamini Kampuni, fundi. Nakuamini wewe." Akainua.

Siku tatu baadaye ikaja barua. Niliisoma mara moja. Sikuirudia kama ile nyingine. Hata uzi wangu umehesabiwa mara mbili.

Jumatano karani amekuja kutuambia kwamba mwakani ushuru wa meza utapanda, kwa kuwa halmashauri itajenga barabara na bomba la maji mpaka kwenye ghala, na fedha itabidi zitoke mahali. Watu walinigeukia mimi. Nikasema tuvumilie, kazi zinakuja. Nilisema hivyo barua yako ikiwa mfukoni mwangu.

Sijamwonyesha mtu. Nimeiweka kwenye sanduku la visigino, chini kabisa. Kinyozi aliniuliza kama umeandika, nikamwambia hujaandika. Kwa hiyo ulikuwa unadanganya peke yako, sasa tuko wawili, na mimi ndiye mwenye umri mkubwa.

Bado madiwani wanakaa kikao chao cha mwisho Jumanne tarehe 19 Agosti kutia saini. Wanasema mtu yeyote wa mji anaruhusiwa kusimama siku hiyo na kusema neno. Mimi sitasimama. Nilijaribu. Juzi nilitoka mpaka penye mkaa, nikafungua mdomo, Mama Mkaa akaniuliza, "Vipi, mwenyekiti, mwanao mzima?" Nikamwambia mzima, nikanunua mkaa ambao sikuuhitaji.

Usiniandikie tena juu ya jambo hili. Niandikie mengine.

Baba yako


20 Julai

Kwa Baba,

Leo ni mwaka mmoja na miezi tisa na siku kadhaa tangu niondoke. Nakuomba uwe mzima unaposoma hii, na uwe umekaa.

Uliniambia nisiandike juu ya jambo hili. Nimejaribu wiki mbili kuandika mengine. Nilianza barua juu ya mvua, nyingine juu ya jirani yangu anayekoroma. Nimezichana.

Kuna kitu kimoja ambacho hukukiuliza, labda kwa kunihurumia. Barua yako ya Mei ilinifikia tarehe 26. Mkutano ulikuwa tarehe 14. Barua kati yetu inakwenda wiki mbili, hilo unalijua na mimi nalijua. Nilikaa nayo wiki nzima, ndipo nikaandika. Nambari ya dada ninayo. Simu ilikuwa na salio. Ningempigia asubuhi, ungekuwa umejua kabla ya chakula cha mchana, maana dada angekuja mezani kwako akakuambia sikioni. Sikupiga. Niliandika kwa sababu nilijua barua itachelewa. Nilitaka niwe nimesema ukweli, na nilitaka usiusikie kabla hujasimama mbele ya watu kunisifu. Nilihesabu siku, Baba. Siku ya kuipeleka posta nilimwuliza yule wa dirishani itafika lini, akasema tarehe 16 au 17, nikanunua stempu.

Uongo wa kazi nadhani mtu akifanywa kibarua muda mrefu anaweza kusamehewa. Huu wa pili sijui nani atausamehe. Ule wa kwanza niliusema kwa aibu ya kuwa mtu anayerukwa na kidole cha Kipenga. Huu niliufanya nimekaa, nimetulia, na akili zangu zote.

Nimemwambia Kipenga naondoka. Aliacha kipenga akasema kwa mdomo, "Ukitoka, usidhani nitakuwekea nafasi." Nikamwuliza nafasi gani. Wenzangu wakacheka, lakini yeye hakuwa anatania. Mwezi ujao wakaguzi wanarudi, anahitaji kila kichwa.

Nitasimama kwenye kikao cha madiwani. Nitawaambia mimi ndiye wa ukurasa wa nne, na nitawaambia ovaroli ngapi nilivaa siku ile. Huenda wasiniamini. Karani anaweza kusema nimefukuzwa na nina kinyongo, na mtu anayecheka vile kwenye picha atawezaje kuaminiwa akikunja uso. Hata hivyo nitasema, kisha nitakwenda penye mkaa, nitamwambia Mama Mkaa peke yake, siyo katikati ya watu.

Najua nikisimama nakuvua nguo na wewe. Wataniuliza, "Baba yako alijua lini?" Hilo sitalijibu kwa niaba yako. Sitasema ulijua, sitasema hukujua. Utakuwa umekaa hapohapo, utajibu mwenyewe ukitaka. Usipokuja kikaoni nitaelewa, na nitarudi nyumbani kukuamkia kama kawaida, ukinifungulia mlango.

Safari hii sikuiachia posta peke yake. Asubuhi ya leo nimempigia dada, nimemweleza yote tangu ovaroli ya kwanza mpaka stempu. Alikata simu. Baadaye akapiga yeye, akaniuliza tu nitafika siku gani, ili akuandae.

Nitapanda basi Ijumaa tarehe 15 Agosti. Nitashuka stendi Jumapili tarehe 17 Agosti, mchana, siku mbili kabla ya kikao.

Mwanao