Vinu Vitupu vya Kilimani

Plano, Texas
Alhamisi mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limekupa nafuu, na mvua ya Same imekuachia japo maharage ya kuanzia. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hautulii. Nitaipiga picha barua hii nimtumie mdogo wangu Nakijwa akusomee. Nakijwa, soma polepole, na baba asiwe karibu.

Mama, nimekosa kazini, na kosa lenyewe limeanzia kwenye hadithi yako.

Unajua ofisi yetu hupeleka wazee wa huku kutembea Ulaya. Mwezi ujao watu kumi na wanne wanakwenda Polandi kuona ngome zilizojengwa juu ya vilima karne nyingi zilizopita. Mimi ndiye niliyeandika kijitabu chao, kila ngome na hadithi yake. Ya Chojnik ilikuwa na binti aliyeapa kuolewa na yule tu atakayezunguka juu ya ukuta kwa farasi, amevaa chuma mwili mzima. Wachumba wakaporomoka bondeni mmoja baada ya mwingine. Mwisho akatokea aliyeweza, akamaliza mzunguko, kisha yeye ndiye akamkataa binti. Ya Ogrodzieniec ina mbwa mweusi anayeburuta mnyororo juu ya kuta. Hizo nilizisoma vitabuni, nikazihakiki mara mbili mbili, unanijua.

Ngome ya mwisho ni magofu tu, nusu mnara na kipande cha ukuta. Nilitafuta siku tatu nisipate hadithi, na bosi alitaka kurasa zote zijae kabla ya saa kumi. Nikaandika yako: wale wanawake wa kilima chetu waliozingirwa na adui, chakula kimekwisha, wakatwanga vinu vitupu tangu alfajiri hadi jua kuchwa, adui aliye bondeni akadhani ghala zimejaa, akakata tamaa. Nilibadilisha jina la kilima tu.

Bosi aliipenda kuliko zote. Aliyenishtukia ni Wanjiru, Mkenya tunayekaa naye meza moja.

"Wewe Eliamani, hii story umetoa wapi? Wamama wanapokezana michi huko Polandi? Hao si ni shosho zetu, mabibi wa kwetu!" Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaona uso wangu. "Nyamaza tu, bro. Nani ata-check?"

Nikanyamaza. Kibali changu cha kukaa hapa kimefungwa kwenye kazi hii, mama. Kazi ikienda, nami nimekwenda.

Wiki iliyopita akapiga simu msafiri mmoja, bibi Halina, mjane wa Houston aliyepita miaka themanini. Mama yake alizaliwa kijijini chini ya kilima kile kile. "Hakuwahi kunisimulia haya," alisema. "Nitapanda mpaka juu nikawawekee maua wale wanawake." Bibi huyo anatembelea fimbo.

Leo asubuhi mwanawe alimleta kutia sahihi karatasi za safari. Bosi alikuwa mkutanoni Fort Worth. Nilimpa kiti, nikafunga mlango, nikamwambia yote.

"Kwa hiyo wanawake hao ni wa kwenu," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Na kwetu umeandika uongo."

"Ndiyo."

Akashika fimbo, akasimama. "Kutoka hapa hadi nyumbani kwangu ni mwendo wa saa nne. Nikifika nampigia bosi wako. Nikute ameshasikia kutoka kinywani mwako."

Ndiyo maana naandika sasa, macho dirishani. Saa tatu zimekwisha na bosi hajarudi. Wanjiru amekuja kuninong'oneza: "Maze, sema kompyuta ilichanganya mafaili." Mama, ningeweza. Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Gari la bosi ndilo hilo linaingia.

Jioni

Nilimwambia kabla hajavua miwani ya jua. Hakufoka, afadhali angefoka. "Kijitabu kiko kwa mwongozaji kule Polandi," alisema. "Ameshachagua mahali pa kuwaonyesha wageni kwamba ndipo wanawake wako walipotwangia." Akaniamuru niwapigie wasafiri wote, mmoja mmoja, niseme kwa mdomo wangu. Wa tano alinikatia simu. Wa saba amejitoa safarini.

Nilikuwa na wa tisa, bosi akaniita. Bibi Halina alikuwa kwenye spika.

"Kijana amekuambia?"

"Ameniambia."

"Basi hadithi ifute, jina langu liache. Kilima nitakipanda. Mama yangu alichunga bata pale chini. Maua nitampelekea yeye."

Akakata. Bosi hakunitazama. Alisema habari ya kazi yangu tutaizungumza Jumatatu, nikarudi kwa wa kumi.

Bosi aliniuliza pia nani alinipa hadithi ile, nikakutaja wewe, mama. Nani alikupa wewe? Nitumie jina lake, tafadhali. Sitaki tena kuandika jambo nisilojua lilikotoka.

Baba asijue mpaka nikupigie Jumatatu. Mpe shikamoo zangu shangazi wa Makanya, na mjomba fundi cherehani, shati lake ndilo nililovaa leo. Katika sala ya familia unitaje kwa jina, hata kama hutasema sababu.

Ni mimi mwanao, mwenye hofu lakini aliyekwisha kusema,

Eliamani