Mtoto Aliyeshindwa Kugeukia Jina Lake

Mama Tabitha, mwalimu wangu,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini nikianza bila salamu nitaona haya, wewe ulivyokuwa mkali kwa wasio na adabu.

Ni miezi mitatu tangu tukuzike kwenu Nyololo. Hapa Iyunga kliniki inafunguliwa kila Jumanne kama zamani, na kiti chako nimekalia mimi. Bado kinanipwaya.

Bado nawapima watoto kwa njia yako. Wauguzi wengine wanaishia kwenye mizani. Wewe ulitaka kujua kama mtoto anaongea kabla hajajua kuongea. Ulisimama nyuma yake ukaita jina, tuone kama atageuka. Kisha ulikaa mbele yake, ukatazama dirishani ghafla, tuone kama macho yake yatafuata yako. Halafu ulificha kijiko, tuone kama atakidai. Mimi natia alama kwenye daftari. Unakumbuka nilivyokuwa nacheka? Mtu mzima anakodolea dirisha tupu! Ukanikaripia: "Yustina, usicheke, utamharibia mtoto jibu."

Ila jina lilitangulia siku zote. Mtoto asipogeuka, ulifunga daftari. "Mlango umefungwa, dirishani tubishe nini?" Ndivyo ulivyomfanyia Atupele, yule binti wa Ilomba wa miezi tisa, wiki yako ya mwisho kazini. Uliita mara tatu. Hakugeuka. Ukaandika: Akili haijaamka. Ukamwambia na mama yake.

Juzi wamerudi. Mama Atupele alimweka mtoto sakafuni kama furushi, akakaa kutazama ukuta. Mimi nahangaika na mizani, uji wa watoto uko jikoni. Nikahisi natazamwa. Atupele alinitazama, akatazama jiko, akanitazama tena, kidole kimenyooka. Uji ulikuwa unafurika, Mama! Mtoto asiye na akili alikuwa ananiambia uji wangu unamwagika.

Niliepua sufuria kwa mikono mitupu, nikaungua, wala sikujali. Nilitaka kujua. Nikakaa mbele yake bila kusema neno, nikatazama dirisha. Naye akatazama dirisha. Nikaficha kijiko, akaushika mkono wangu, akafungua kidole kimoja kimoja, kisha akaniangalia usoni akicheka. Ndipo nikapita nyuma yake nikagonga sufuria kwa mwiko. Watoto wote walishtuka, wawili wakaanza kulia. Yeye hata hakupepesa jicho. Ni masikio, Mama. Masikio tu! Lile jina halikumfikia.

Nilidhani mama yake atafurahi. Alilia kwa hasira. "Miezi mitatu sijamsemesha," alisema. "Mlisema akili haimo, sasa ningemsemesha nani?" Nilikukasirikia, Mama, mara ya kwanza maishani mwangu, na papo hapo nikakulilia.

Tangu juzi maswali hayaniishi. Mbona macho yake ni mepesi kuliko ya wenzake? Alianza lini kusoma nyuso? Je, mama yake akimsemesha kwa mikono na uso, naye atajibu vivyo hivyo? Wewe ungekuwa umeshavua viatu, uko sakafuni naye, unajaribu. Na wangapi tuliwafungia daftari?

Sentensi ile, Akili haijaamka, ndiyo mwandiko wako wa mwisho humu daftarini. Nilikaa nayo muda mrefu, kalamu mkononi, maana hutaandika nyingine. Nimeikata. Chini yake nimeandika: Hasikii. Anaongea kwa kidole. Ni mwerevu. Sijui kama ungenikaripia au ungeninyang'anya kalamu uikate mwenyewe. Naamini ungeikata.

Pumzika, mwalimu wangu. Nakuahidi, kuanzia Jumanne nitatangulia na macho, jina litakuja mwisho. Na wale wote waliofungiwa daftari nitawafuata makwao, mmoja baada ya mwingine. Nimehesabu majina: ni kumi na wanne. Wa kwanza anakaa nyuma ya mlima, na kesho asubuhi naondoka.

Mwanafunzi wako,
Yustina